Barabarani, Ngong au kwenye vumbi la Safari: wapi pa kuyaonea magari ya zamani

Mpenzi wa magari ya zamani mwenye siku moja tu ya mapumziko kwa juma hana wasaa wa kuipoteza akisubiri mahali pasipopita kitu. Kabla ya kujiuliza atafute gari gani, yampasa aamue asimame wapi, kwa kuwa mahali ndipo panapoamua ataona magari ya namna gani, katika hali gani, na kama atapata nafasi ya kuyakagua au yatampita tu na kutoweka. Kwa aliye Kenya au kaskazini mwa Tanzania, machaguo makubwa ni matatu: barabara za kila siku, maonyesho ya Africa Concours d'Elegance katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong jijini Nairobi, na njia inayopitiwa na mbio za magari za East African Safari Classic Rally. Nimesimama kote huko kwa miaka kadhaa, nikiwa na daftari na kamera ndogo, na maoni yangu nayatanguliza wazi: anayeanza aanze na barabara. Sababu zake si nyepesi, na hazimfai kila mtu kwa kiasi kilekile, kwa hiyo nitazieleza pamoja na yale ambayo barabara haiwezi kumpa.

Barabara na magari yanayofanya kazi

Magari ya zamani ya Kenya yana historia inayoeleweka. Sheria hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika ambalo limepitisha miaka minane tangu lilipotengenezwa. Kwa hiyo Peugeot 404 au Volkswagen Beetle unayokutana nayo leo, isipokuwa kwa nadra, haikuletwa juzi na tajiri mkusanyaji. Ilikuja ikiwa mpya au iliunganishwa papa hapa, ikauzwa hapa, na maisha yake yote imeyaishi hapa. Land Rover ziliunganishwa Thika katika kiwanda cha Leyland, ambacho baadaye kilijulikana kama Kenya Vehicle Manufacturers (KVM). Peugeot 404, iliyoanza kuuzwa mwaka 1960 na kukoma Ufaransa mwaka 1975, iliendelea kutengenezwa Kenya hadi mwaka 1991. Mdogo wake, 504, ambayo Ufaransa iliacha kuunda saluni yake, yaani gari la abiria lenye buti, mwaka 1983, ilizidi kuunganishwa Kenya hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hii ndiyo sababu Peugeot, ambayo wengi wetu tunaiita Pijo, inaonekana kwetu ikiwa bado na jasho la kazi, ilhali katika nchi ilikozaliwa hutolewa gerejini siku za sikukuu.

Asubuhi moja ya Jumamosi nilikuwa Soko Mjinga, pale Kinale, katika barabara kuu ya Nairobi kwenda Naivasha, ambako wakulima huuza viazi, kabichi na karoti kando ya lami. Kulikuwa na ukungu mzito, na magari yalikuja kwa taa. Kati yake ilijitokeza pikapu ya 404 iliyobeba kabichi hadi juu ya kibanda cha dereva, taa zake mbili za mviringo zikiwa za rangi ya manjano hafifu kama taa ya kandili. Mwenyewe, mzee mwenye koti zito na kofia ya sufu, aliiegesha kwa uangalifu na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Nilimsalimu na kuomba ruhusa ya kuitazama.

“Angalia tu, kijana,” alinijibu. “Ila usivute huo mlango kwa nguvu. Unainua kidogo kwanza, ndipo ufungue.”

Aliponiinulia boneti niliona kile nilichokuwa nimekisoma tu. Injini ya 404, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,618, haikusimama wima; imelazwa upande kwa nyuzi 45, ili boneti iwe chini na kitovu cha uzito wa gari nacho kishuke. Fimbo ya gia iko kwenye usukani, si sakafuni, na huunganishwa na sanduku la gia kwa vyuma vyembamba vinavyopita kando ya injini. Katika kiungo kimojawapo mpira wa kiwandani ulikuwa umekwisha zamani, na mzee alikuwa ameweka kipande cha tyubu ya baiskeli kilichozungushwa mara nne na kufungwa kwa waya, kazi safi isiyochezacheza hata kidogo. Rangi ya krimu ya awali ilibaki chini ya bawaba za milango peke yake. Nilimwuliza kama haimsumbui. Akacheka, akasema, “Injini ndiyo imelala, kijana. Mimi sijawahi kulala njiani.”

Hilo ndilo barabara inalotoa na uwanja wa maonyesho hauwezi kulitoa. Gari lililokarabatiwa kikamilifu hukuonyesha jinsi mtengenezaji alivyotaka liwe. Gari la mzee wa Kinale hukuonyesha ni sehemu gani iliyochoka kwanza, ni ipi iliyodumu, na jinsi fundi wa kijijini alivyoitafutia dawa pasipo spea. Isitoshe, barabara haina kiingilio na haingoji tarehe maalumu. Kasoro yake kubwa ni kwamba haiahidi chochote. Nimewahi kukaa sokoni nusu siku nikaona matatu na malori mapya tu, na siku nyingine nimeona 404 mbili, Beetle moja na Land Rover ya springi za majani, yaani za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kabla ya saa tatu asubuhi.

Kuna mahali panapoongeza uwezekano huo. Masoko ya mazao alfajiri ni bora kuliko katikati ya jiji mchana, kwa kuwa gari kuukuu lenye kazi hutoka mapema na kurudi mapema. Barabara za mashamba ya chai na kahawa, njia za kuelekea misheni za zamani, na gereji za miji midogo zina hazina ambayo barabara kuu haina. Katika gereji, hata mkweche usiosogea unafaa, kwani unaweza kuuzunguka taratibu ukajifunza umbo lake kabla hujaliona likikimbia.

Jicho linavyofundishwa

Faida nyingine ya barabara ni kwamba inakulazimisha utambue gari kwa sekunde chache. Kwa kulinganisha 404 na 504, anza nyuma. Walinzi wa matope wa nyuma wa saluni ya 404 huishia kwa ncha mbili zilizoinuka kama mapezi ya samaki, na mistari yake yote imenyooka. Buti ya saluni ya 504 huenda sawa kwa kitambo kidogo kisha huteremka ghafla, na mtu akiliona umbo hilo mara moja halisahau. Mbele, taa za 404 ni duara, ilhali za saluni ya 504 zimekatwa kwa mshazari upande wa nje, kama macho yaliyokunja uso kidogo. Tahadhari moja tu: msanifu wa 404, kampuni ya Pininfarina ya Italia, aliichorea pia Austin ya Uingereza gari la Cambridge la mwaka 1959, na mawili hayo hufanana kiasi kwamba katika ukungu unaweza kuyachanganya. Tafuta nembo ya simba kabla ya kuandika katika daftari.

Kwa Beetle, kioo cha nyuma ndicho shahidi. Hadi Machi 1953 kilikuwa vioo viwili vidogo vyenye nguzo katikati. Kisha kikawa kimoja chenye umbo la yai. Na kuanzia magari yaliyotengenezwa baada ya Agosti 1957 kikapanuliwa kikawa cha pembe nne. Ukikosa kuona nyuma, tazama taa za mbele. Zikiwa zimelala kufuata mteremko wa mlinzi wa matope na kufunikwa kwa kioo, gari ni la kabla ya mabadiliko ya mwaka 1967. Zikiwa zimesimama wima, ni la baadaye. Beetle yenye kioo cha yai ni nadra sana katika barabara zetu, na anayeiona ana haki ya kusimamisha safari yake.

Land Rover nayo husomwa usoni. Katika zile za mwanzo, kuanzia ya kwanza iliyozinduliwa mwaka 1948, taa ziko karibu karibu, zimewekwa ndani, pande mbili za wavu wa mbele. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 taa zilihamishiwa kwenye walinzi wa matope. Mwaka 1971 toleo la tatu lilikuja na wavu wa plastiki, na toleo hilo lilidumu hadi 1985. Toleo la One Ten la mwaka 1983, ambalo ndilo baba wa Defender, lina uso uliosawazishwa, wavu na taa vikiwa katika mstari mmoja, na kioo chake cha mbele ni kipande kimoja badala ya viwili. Mtu anayeyajua haya manne hahitaji kumwuliza dereva umri wa gari lake.

Usiutegemee sana ubao wa namba. Kweli, namba za Kenya za mfuatano wa zamani zilikuwa herufi tatu na tarakimu pekee, ilhali za sasa hufungwa kwa herufi moja ya mwisho, na gari lenye namba ya zamani ni la kale bila shaka. Lakini kinyume chake hakishiki. Land Rover nyingi zilikuwa za serikali, zikiwa na namba za GK, na zilipouzwa kwa mnada zilisajiliwa upya kwa herufi za wakati huo. Gari likaonekana changa kwenye ubao na kongwe kwenye chuma. Tanzania nako tahadhari ni kubwa zaidi, kwa sababu huko gari kuukuu linaruhusiwa kuingizwa kwa kulipiwa ushuru wa ziada, kwa hiyo umri wa gari haukuambii kamwe limeishi nchini kwa muda gani.

Nyanda za juu au pwani?

Anayechagua barabara bado ana uamuzi mmoja, nao ni kati ya bara na pwani. Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na chuma huko hakiliwi haraka. Limuru, Nakuru, Nyeri, Arusha na Moshi zina sifa kama hiyo, ingawa mvua zao ni nyingi zaidi. Pwani mambo hugeuka. Upepo wa bahari hubeba chumvi hadi ndani ya mikunjo ya milango, na saluni ya bati jembamba iliyolala nje Mombasa au Unguja huanza kutoboka sakafuni kabla ya mwenyewe kujua.

Kwa hesabu ya wingi wa magari basi, bara inashinda. Hata hivyo kuna somo ambalo ni pwani peke yake inayolifundisha vizuri, nalo ni la Land Rover. Bodi ya gari hilo imeundwa kwa aloi ya alumini, ambayo haishiki kutu, lakini chesisi yake, yaani fremu iliyo chini ya bodi, ni ya chuma cha kawaida. Bara unaweza kuliangalia kwa miaka usiione tofauti hiyo. Pwani utaliona wazi: mabawa, yaani walinzi wa matope, na milango mizima kabisa, pengine yamefifia rangi tu, na chini yake chesisi iliyotiwa viraka vya kuchomelea juu ya viraka vingine. Ukiwa kwenye foleni ya kivuko cha Likoni, ambako magari husimama na kusogea kidogo kidogo, unaweza kuinama ukayaona haya bila kumsumbua mtu, mradi tu umsalimu dereva na kumweleza unachokitazama.

Unguja nako kuna gari la shamba lenye bodi ya mbao linaloondoka mjini likiwa na abiria wamekaa pande zote mbili wakitazamana. Sizihesabu zote kuwa za kale, kwa kuwa nyingi zimejengwa juu ya lori la miaka ya karibuni, lakini seremala aliyeijenga ile bodi amefuata umbo la zamani, na mpenzi wa magari anafanya vema kujifunza kutenganisha umri wa bodi na umri wa chesisi.

Kwa aliye kaskazini mwa Tanzania chaguo ni jepesi. Arusha ni mji wa Land Rover, kwa sababu ya utalii wa mbugani na kwa sababu mafundi wake wamezifungua na kuzifunga kwa vizazi viwili au vitatu. Mwezi Oktoba 2024 mji huo ulifanya tamasha lililokusanya Land Rover nyingi mno kutoka kila pembe ya nchi. Ila hata siku ya kawaida, anayetaka kuona matoleo yote kuanzia yenye taa ndani ya wavu hadi Defender za mwisho, haimlazimu kungoja tamasha.

Ngong: gari kama lilivyotoka kiwandani

Maonyesho ya Concours yalianza mwaka 1970, yakiandaliwa na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo, na kwa kawaida hufanyika Jumapili moja mwezi Septemba. Magari na pikipiki hupangwa kwa madaraja, majaji wakapita wakikagua bodi, sehemu ya ndani, injini na hata upande wa chini. Ni siku ya watu wengi, ya familia, ya chakula na muziki, na hulipiwa kiingilio.

Kwa kulinganisha na barabara, hapa mambo yamepinduliwa. Uhakika ni mkubwa: utayaona magari ambayo barabarani ungeyasubiri miaka kumi, na utayaona yote ndani ya saa moja. Muda wa kuyakagua hauna mpaka. Wenyewe wako kando ya magari yao tangu asubuhi, wengi wao wamefanya kazi hiyo ya ukarabati kwa mikono yao, na hakuna kinachowafurahisha kama swali lililoulizwa na mtu anayejua anachouliza. Nilimwona mwanamke mmoja akisafisha mianya ya nembo kwa kijiti kilichozungushiwa pamba, dakika ishirini kwa nembo moja, na nilipomwuliza alinieleza bila haraka jinsi alivyopata kivuli cha rangi kilichokuwa cha gari hilo: alikwangua chini ya kizibo cha mpira ndani ya buti, mahali ambapo jua halikuwahi kufika. Ujuzi wa namna hiyo barabarani huupati.

Uwanjani ndiko pia unakokwenda kuthibitisha. Baada ya miezi ya kuona 404 zilizobadilishwa taa, magurudumu na viti, mtu hupotewa na kumbukumbu ya lilivyokuwa gari lenyewe. Moja iliyohifadhiwa vizuri hukurejeshea kipimo. Kwa hiyo ninayaona maonyesho kama kamusi: mtu haanzi kujifunza lugha kwa kuisoma, lakini asiyeifungua kamwe atabaki na makosa yake.

Upungufu wake ni kwamba gari linalosimama kwenye nyasi limenyamaza. Husikii kabureta likivuta pumzi mlimani, wala huoni jinsi nyuma ya Peugeot inavyoinama likiwa na mzigo. Tena uteuzi wake unaelemea upande mmoja: yaliyofika ni yale ambayo wenyewe wana uwezo wa kuyakarabati, na hivyo gari la kawaida lililobeba watu na mizigo ya nchi hii huonekana kwa uchache kuliko gari la michezo lililotembea kilomita chache. Jambo hilo linanigusa, kwa kuwa nadhani pikapu ya kabichi inastahili heshima ileile.

Vumbi la Safari

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Safari Classic ilianza mwaka 2003, kuadhimisha miaka 50 ya mashindano hayo, na kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka miwili, kwa magari ya enzi za zamani peke yake. Mara nyingi njia yake imekuwa ikipita Kenya na Tanzania kwa siku nyingi mfululizo.

Anayekwenda huko aende akijua ataona nini. Porsche 911 na Ford Escort ndizo nyingi, na sehemu kubwa yake huletwa kutoka Ulaya, zikiwa zimeimarishwa springi, sakafu na tangi la mafuta kwa ajili ya mashindano haya. Si magari yaliyoishi hapa. Kwa upande wa uadimu wa kienyeji basi, Safari Classic ina kidogo cha kumpa mtu. Kwa upande wa kuelewa kwa nini baadhi ya magari yalipendwa hapa, hakuna mahali pazuri zaidi. Mtu akiona gari la miaka ya 1970 likipita kwenye mawe ya Taita kwa kasi ambayo leo tungeihofia hata kwa gari jipya, ndipo anaposadiki kwamba ushindi wa zamani haukuwa wa bahati.

Na ushindi huo ndio uliojaza barabara zetu. Beetle ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Peugeot 404 ilishinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na mwaka 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff katika 404. Bert Shankland na Chris Rothwell ndio walioshinda mwaka 1966 na 1967. Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544. Shekhar Mehta alishinda mara tano, zote kwa Datsun: ya kwanza 1973 kwa 240Z, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Mnunuzi wa siku zile hakuhitaji tangazo. Aliona kwa macho yake gari lililovuka matope ya Safari, iliyokuwa ikifanyika wakati wa Pasaka, likiwa zima, na akaenda kununua linalofanana nalo. Ndiyo maana ninamshauri anayetazama magari barabarani aijue orodha hii kwa moyo, kwani inamweleza kwa nini anakutana na Peugeot na Datsun kuliko magari mengine ya umri uleule.

Kuhusu mahali pa kusimama, wengi hukimbilia hatua za mbio zenyewe, na hapo huona vumbi kuliko gari. Mimi napendelea sehemu za kuunganisha, yaani barabara za kawaida ambazo washindani hupitia kutoka hatua moja hadi nyingine wakifuata sheria za usalama barabarani kama sisi sote. Hapo utaikuta 911 yenye matope hadi dirishani ikijaza mafuta katika kituo kilekile unachojaza wewe, mafundi wakizunguka wakigonga boliti kwa mikono. Vituo vya huduma vya jioni ni bora zaidi. Anayetaka hatua yenyewe asimame juu, mahali palipoinuka, upande wa ndani wa kona, wala asiwaache watoto wavuke njia hata kama dakika nyingi zimepita bila gari.

Gharama yake ndiyo kubwa kuliko yote. Kiingilio hakuna, lakini safari ni ndefu, njia hubadilika kila mara, na mtu asiye na gari lake atapata tabu kufika.

Nani achague nini

Aliye na udadisi tu, ambaye bado hajajua kama mapenzi haya yatadumu, aanze na soko la mazao la karibu na kwake, alfajiri, kwa Jumamosi nne mfululizo. Ajifunze magari manne niliyoyataja kwanza, asiongeze la tano hadi ayatambue haya kwa mgongo. Anayefikiria kununua gari la zamani na kulikarabati aende Ngong kabla ya kutoa hata shilingi, kwa kuwa huko atajua linavyopaswa kuwa na atakutana na watu waliopata hasara zote kabla yake. Kisha arudi kwa gereji za miji midogo aone ni gari lipi ambalo mafundi wa huko bado wanalijua. Kwa maoni yangu, gari ambalo fundi wa karibu halijui ni la kutazamwa tu. Mpiga picha apendaye mwendo hatatoshelezwa na vyote viwili, na huyo ndiye ninayemwambia aweke akiba kwa ajili ya Safari Classic. Mwenye kuishi pwani asidhani amepungukiwa. Ana Land Rover za kusoma kutoka chini kwenda juu.

Kote huko adabu ni moja. Salimu kabla ya kuinua kamera, omba ruhusa kabla ya kugusa, na ufiche namba ya gari unapoisambaza picha yake, kwa kuwa magari haya huibiwa spea, na mwenyewe hana pa kununua nyingine. Usisimame ukingoni mwa barabara kuu kwenye kona wala kwenye daraja, na usipige picha karibu na kambi au jengo la usalama hata gari liwe zuri kiasi gani.

Na aliye na siku moja tu kwa mwaka mzima, asiyeweza kurudi Kinale wala kufuata vumbi hadi Taita, ningemchagulia Jumapili ya maonyesho, kwa sharti moja: asiingie uwanjani mapema. Awahi kando ya Ngong Road saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upande wa kulia wa anayetoka mjini, na asubiri. Baadhi ya magari hufika yakiwa juu ya matrela, lakini mengine huendeshwa na wenyewe kutoka nyumbani. Kwa muda mfupi yatakuja moja moja kati ya matatu na bodaboda, yakinguruma kwa gia ya pili, madirisha yakiwa wazi, kabla hayajapanguswa vumbi kwa ajili ya majaji.